Bibi wa Mazingara na Mavi ya Chuma

Nilidhani sitakuwa mgeni. Nimezaliwa Nakuru, Kiswahili nakizungumza tangu utotoni, na kutoka kwetu hadi Korogwe ni safari ya basi tu. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, kwenye nyumba ya Kwamndolwa, hapo Korogwe, nilikopanga chumba, nilimwambia mama mwenye nyumba, "Nipe chai."

Akaweka birika chini. "Kwani tumegombana?"

"Hapana, mama."

"Basi sema, naomba chai."

Nikasema. Akanijazia kikombe, akaongeza mihogo ya kuchemsha, na tangu hapo akajipa kazi ya kunifundisha. Wiki nzima, mimi na wenzangu wa utafiti wa mambo ya kale tukisubiri kibali cha kuchimba, nilizunguka naye sokoni nikiomba: naomba nyanya, naomba kupita, naomba kuuliza. Wauza mboga wakaanza kuniita Mkenya wa naomba. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Kibali kilipotoka tulihamia Mazingara, upande wa Handeni, kutafuta mahali ambapo watu wa zamani waliyeyusha chuma. Wenzangu watatu walitoka Ulaya na Kiswahili chao kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa kuzungumza na mwenye shamba tulilolitaka. Alikuwa bibi mwembamba, anapalilia mahindi peke yake. Kwa haraka niliyokuwa nayo, mafunzo yote yakanitoka.

"Habari yako, bibi? Tunataka kuchimba hapa."

Alitazama makoleo yetu. "Mali aliyofukia Mjerumani haipo hapa. Walishakuja wenzenu, wakaacha mashimo, mbuzi wangu akavunjika mguu. Nendeni." Akainama, akaendelea na jembe lake.

Niliona aibu hata kuwatafsiria wenzangu. Nilimpigia simu mama wa Kwamndolwa, kwa sababu yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Mazingara.

"Ulimpa shikamoo?"

"Hapana, mama."

"Nakuja kesho," akasema.

Kweli alikuja, na majembe mawili aliyoazima kwa ndugu zake. Kufika shambani tukamwamkia bibi, akaitikia marahaba bila kunitazama. Wakasalimiana kwa Kizigua, salamu ndefu ambayo sikuambulia kitu. Kisha mama akanipa jembe, nasi tukaanza kupalilia. Hakuna aliyetaja kuchimba. Tulimaliza mstari wa tatu mgongo wangu ukiwaka moto, ndipo bibi akaketi ukingoni na kuniuliza, "Haya, mjukuu wangu. Mnatafuta nini hasa?"

"Mavi ya chuma, bibi."

Alinikodolea macho. Halafu akaanza kucheka, akajishika mbavu, kilemba kikamlegea. "Umevuka mpaka, umeacha kwenu, kuja kutafuta mavi!"

Mama naye akashindwa kujizuia, nami nikacheka mpaka machozi. Nilipopata pumzi nikaeleza kwamba ndivyo yanavyoitwa yale mabaki mazito, meusi, yanayobaki chuma kikishayeyushwa.

"Mazito, yana vitundu vitundu?" Bibi akasimama. "Mbona yapo tele! Nazuilia mlango wa banda la kuku."

Alitupeleka. Pale bandani palikuwa na bonge lenyewe, kubwa kuliko kichwa changu, limelala kama si kitu. Nilipiga magoti kulishika, kuku wakitawanyika huku na huku. Nadhani sijawahi kuwa na furaha ya namna ile nikiwa nimepiga magoti kwenye kinyesi cha kuku.

"Naomba utuonyeshe ulikoliokota, bibi."

"Nitawaonyesha. Ila mashimo yote mtafukia."

Tuliahidi, na mwisho wa msimu tulifukia kila shimo, yeye akikagua kwa mguu. Lakini kabla ya hapo alikuwa amekuja kila siku na kigoda chake, akiketi kando ya chekeche la udongo kutafuta pamoja nami, kwa kuwa macho yangu, alisema, ni ya mtu wa mjini. Na ni yeye, siku ya tisa, aliyeokota kwenye udongo uliochekechwa kipande cha bomba la udongo wa kuchoma, lile ambalo wahunzi walipitishia upepo kwenye tanuri. Alikiinua juu kwa mikono miwili, akapiga kigelegele.

Kwenye daftari la kazi niliandika kuwa kipande hicho kimegunduliwa na mwenye shamba. Jirani yeyote aliyepita jioni ile alisimamishwa na bibi, nami nikaamriwa kumsomea mstari huo, kwa sauti, neno kwa neno.