Mwaka Tuliokata Kihenge

Juzi nilikuwa Lindi mjini, kwenye ghala la ufuta, nikimsubiri msimamizi. Mpakiaji mmoja kijana alipanda juu ya lundo lililomwagwa sakafuni, akazama hadi magotini. Nikajikuta namwambia ashuke, kwa sauti iliyonishangaza hata mimi. Wenzake wakacheka. "Dada, huo ni ufuta, si bahari," mmoja akasema. Nilitabasamu kwa adabu, lakini sikusogea pale mpaka aliposhuka, na wewe niliyekuzoea nitakwambia kwa nini.

Nililelewa na bibi, katika kijiji kilichoko bara kidogo kutoka Sudi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na vihenge vitatu, yale makapu makubwa ya mianzi yaliyokandikwa udongo, marefu kuliko mtu mzima, kila kimoja na paa lake dogo la nyasi. Kila zao lilikuwa na namna yake ya kukaa ndani. Makopa ya muhogo tuliyapanga kwa mkono, kipande kwa kipande, kwa sababu ukiyamwaga tu yanalala ovyo na nusu ya kihenge inabaki hewa. Karanga zilihifadhiwa na maganda yake, na hizo zilimwagwa kisha zikakanyagwa. Hapo ndipo tulipohitajika sisi watoto. Bibi alituinua mmoja mmoja, tukaingia miguu mitupu, maganda yakilialia chini ya nyayo na vumbi lake likitupanda puani, karanga zikishuka na kushikana mpaka ikapatikana nafasi ya kapu jingine, na jingine tena.

Ufuta haukuguswa. Ukimwagwa ulijitandaza wenyewe, ukaingia kila pembe, ukatulia. "Ufuta haukanyagwi," bibi alikuwa akisema, basi. Sisi tulidhani ni heshima tu, kwa kuwa ndio uliokuwa wa kuuza.

Mdogo wangu alikuwa na miaka mitano na ndiye aliyekuwa bingwa wa kukanyaga. Kwa utani wao, bibi alimwita mke mwenza. Asubuhi ile walirushiana maneno jikoni juu ya uji wa mtama.

"Mke mwenzangu, kula unakula, kazi hatuioni."

"Nakushinda wewe. Wewe mzee, huwezi hata kuruka."

Alilamba bakuli, akatoka. Mimi nilikuwa uani nachambua kunde niliposikia naitwa, kwa sauti ndogo isiyo na mchezo. Paa la kihenge cha ufuta lilikuwa limesukumwa pembeni na ngazi imeegemezwa. Nikapanda. Alikuwa amezama hadi kifuani, mikono juu, macho yamemtoka.

"Dada," alisema, "miguu haina chini."

Nilipiga ukelele. Bibi akaja, akapanda ngazi, nami nikajibana ukingoni kumpisha, akamshika makwapani na kuvuta. Hakutoka. Alipoinuka kidogo, ufuta ulikimbilia pale alipotoka na kumbana upya. Lakini lililonitisha zaidi ni kifua chake. Kila alipotoa pumzi kifua kilinywea, na ule ufuta ukajaza mwanya uleule. Alipotaka kuvuta nyingine, mahali pa kutanukia hapakuwepo tena. Niliziona pumzi zake zikifupika, moja baada ya nyingine, na bibi naye aliziona.

Jirani yetu, aliyekuwa akiezeka banda lake ng'ambo ya uwanja, alifika na panga. Alifanya ambalo yeyote angelifanya: alizibua tundu la chini, lile la kutolea ufuta. Ukaanza kumiminika kwa mlio wa mvua kwenye makuti. Na mdogo wangu akashuka pamoja nao, mpaka kidevuni.

"Ziba," bibi alisema kutoka juu. "Unamvuta."

Jirani alivua shati, akalishindilia tunduni.

"Sasa kata ubavuni. Juu, usawa wa kifua chake. Huku na huku."

Jirani alisita. "Bi mkubwa, mzigo wote utaingia mchangani."

Hilo sote tulilijua. Punje ya ufuta na chembe ya mchanga wa uwanja wetu zilikaribiana ukubwa. Hakuna chekeche lililoweza kuzitenga, wala mnunuzi aliyekubali ufuta wenye mchanga. Ndani ya kihenge kile yalikuwamo mavuno yetu yote ya kuuza, yaliyosubiriwa kuezeka nyumba bati.

"Kata, baba," bibi alisema.

Akakata, akazunguka, akakata tena. Udongo ulimeguka, mianzi ikapasuka, ufuta ukamwagika pande zote mbili. Bibi hakumwachia mtoto wala hakunyamaza. "Pumua kidogo kidogo, mke mwenzangu. Usiniachie mume peke yangu, mimi mzee simuwezi." Mabega yakaonekana. Kisha kifua. Kisha kitovu. Alipomnyanyua, alitoka mzima, amejaa punje masikioni na kwenye nywele, akakohoa muda mrefu.

"Nimekanyaga," akasema.

Kwa wiki kadhaa tulizoa, tukaosha kwenye ndoo, tukaanika. Tuliambulia wa kula nyumbani tu. Nyumba ikabaki na makuti yake, na sikumsikia bibi akilitaja bati tena. Mvua za kwanza zilipokuja, uwanja mzima uliota ufuta: njia ya chooni, chini ya dirisha, hata kando ya mafiga. Jirani akaja na jembe kutusaidia kupalilia, bibi akamrudisha. Tuliishi miezi ile tukipita katikati ya maua meupe kwenda kuchota maji.

Sasa vihenge havipo. Ufuta unatoka shambani ndani ya magunia na kupelekwa ghalani, na watoto hawaitwi kukanyaga kitu. Bibi tulimzika, nyumba ikaanguka, na bodaboda zinakatiza pale uwanjani bila kujua zinapita wapi. Mdogo wangu yupo. Ni mama wa watoto wawili, mnene kuliko mimi, na akicheka anacheka kwa kifua chote mpaka mabega yanapanda. Watu humwambia apunguze sauti. Mimi huacha ninachofanya, nikasikiliza mpaka amalize.