Sabuni ya Bi Zuhura

Wajukuu wangu wakitaka kunicheka waanzie hapa, maana sijaaibika popote kama nilivyoaibika uani kwangu mwenyewe.

Vita vya Wazungu vimekwisha, nami ni mke kijana Mji wa Kale, nikasikia kuna Mzungu mwanamke anapita nyumba kwa nyumba akiuliza wanawake wanafulia sabuni gani. Kazi hiyo aliianzia kwao Uingereza, na majibu hupelekwa kwa wenye viwanda vya sabuni. (Mimi hata mume wangu hakuwa akiniuliza nataka samaki gani.) Basi nikajiona, nikaificha sabuni yangu ya mnazi nyuma ya mtungi, nikaenda kwa jirani yangu Bi Zuhura kuazima sabuni yake ya Ulaya ya kunukia.

Mgeni akaja, akavua viatu bila kuambiwa, akanywa kahawa yangu, Kiswahili chake kimenyooka.

"Wafulia ipi, Bi Esha?"

"Hii hii, kila siku, povu mpaka viwikoni."

Akaitazama. Herufi zilizochapwa juu ya sabuni bado zimesimama kama ilivyotoka dukani. Akasema, "Naomba ufue kidogo, nione."

Nguo iliyokuwa karibu ni kanzu ya mume wangu, ya kuvaa jioni ile kwenye nikaha ya mpwa wake. Nikateka maji kisimani (visima vyetu vina chumvi, nyinyi wa maji ya mfereji hamjui), nikasugua, povu halitoki, yatoka madonge ya kijivu yanaganda kwenye kanzu kama uji ulioharibika, nami nazidi kusugua huku nachekacheka, ndipo Bi Zuhura akachungulia kwenye dirisha lake.

"We Esha, sabuni yangu usinimalizie, nimeiwekea harusi hiyo."

Nilitamani kuingia kisimani. Mgeni hakucheka. Akakunja mikono ya gauni, akachutama nami.

"Hata kwetu nikibisha hodi huonyeshwa sabuni ya jirani. Ndiyo maana huomba kuona. Haya, lete yako."

Nikaitoa nyuma ya mtungi. Sabuni ya mnazi haiogopi maji ya chumvi: povu likajaa beseni, kanzu ikatakata, naye akaniuliza hili na lile, na kila nililojibu akaliandika kama hukumu ya kadhi. Mwanamke yule alijua kazi yake, nasema wazi.

Ila kanzu haikuwahi kukauka. Mume wangu alikwenda nikahani imemganda mgongoni, wenziwe wakimuuliza kama amekuja kwa kuogelea.

Tangu siku hiyo siazimi kitu cha kumwonyesha mgeni. Na mjukuu wangu akiniuliza biriani yake ikoje, namwambia asiniulize. Anipakulie, kisha arudi atazame sahani.