Kahawa ya Kupokelea Posa

Kwetu Madale, neno la mwisho kuhusu kahawa lilikuwa la shangazi yangu. Anainusa, anapiga funda moja, anakwambia kama imeungua au imekaa dukani mpaka harufu imekwisha. Kwa hiyo mdogo wangu alipokaribia kuletewa posa, hatukuulizana nani atachagua kahawa ya wageni.

Shida ni kwamba shangazi alikuwa ametoka kwenye mafua makali, na ulimi wake haukutambua kitu. Hakumwambia mtu. Mie niligundua asubuhi moja nilipotia chumvi kwenye uji nikidhani sukari. Aliumaliza wote, akanisifu kwamba safari hii nimeupatia.

Kaka yangu alileta pakiti tatu: moja ya kukoroga, kutoka supamaketi ya Mikocheni, moja ya kusaga, iliyotoka Bukoba, na ya tatu ya bei chee, ambayo hata pakiti yake ilinuka mkaa. Nikazipika, nikazimimina kwenye vikombe vinavyofanana, tukakaa sebuleni sie watatu kuonja.

Hapo ndipo nilipoona shangazi haonji chochote. Alikuwa anatusoma nyuso. Kaka akikunja pua, naye anaweka kikombe chini. "Hii hapana," anasema, kwa sauti ya mtaalamu.

Simu ya kaka ikaita, akatoka. Tukabaki na kikombe cha tatu, kichungu cha kukwangua koo. Shetani akanipitia. Nikapiga funda, nikafumba macho, nikatabasamu kama niliyeonjeshwa asali.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema shangazi. "Hawa wanajua kukaanga."

Nilitarajia kaka apinge, tucheke, yaishe. Lakini kaka hapingi neno la shangazi. Kesho yake nikakuta jikoni pakiti za kutosha mtaa mzima.

Wageni walipofika, shangazi alimimina kwa mkono wake. Mshenga akapiga funda, akatazama ndani ya kikombe kwa muda, kisha akaomba tende. Wa pembeni yake naye akaomba tende. Shangazi akawatazama mmoja mmoja, halafu akanigeukia mie. Nikakimbilia jikoni.

Alinifuata, akafunga mlango. "Umejua tangu lini?" akaniuliza taratibu.

"Tangu ule uji, shangazi. Ulikuwa na chumvi."

Nikajiandaa kwa lolote. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Tulicheka tumejiziba midomo kwa kanga, watu wa posa wasitusikie.

Akaniagiza nichemshe chai ya tangawizi upesi, akarudi sebuleni uso mkavu, akawatangazia wageni kwamba kwetu sie kahawa ni ya kufungulia mazungumzo tu, haimalizwi. Cha kunywewa ni chai.

Mshenga akasema hiyo ni desturi nzuri sana. Alikuwa ameshakisogeza kikombe chake mbali.