Mpiga Pasi Alitunga Riwaya, Polisi Wakamuuliza Nani Kavujisha

Shati la afisa wa polisi linataka mikunjo mitatu mgongoni, imenyooka kama uzi. Dada Pasi, kama wanavyomwita wote katika duka hili la dobi, anaupiga wa tatu huku mvuke ukimfunika uso. Mwenye shati ndiye aliyemwacha mdomo wazi juzi, hapa hapa kaunta.

"Mpaka sasa siamini masikio yangu," anasema.

Amezaliwa mtaa wa pili tu kutoka hapa. Baba yake alivuka mpaka akiwa kijana, akabeba zege mpaka mgongo ukagoma, na hadi leo majirani humwita "wa kuja". Mshahara wa binti unaishia kwenye kodi na chakula. Riwaya yake ya kwanza aliiandika saa za mapumziko, juu ya meza ya kukunjia mashuka.

Ndani yake, polisi wanafunga barabara na kuwaamuru wapita njia wahesabu kinyumenyume kutoka mia. Anayekwama ni mgeni. Anapakiwa kwenye lori.

"Nilitunga!" anasema, akijipiga kifua. "Baba akishikwa na hofu huhesabu kwa lugha ya kwao. Nikajiuliza, je, wakimbana? Basi. Hakuna aliyeniambia."

Kilipochapishwa, wakuu wa mji walikiita kitabu uzushi mtupu. Kisha afisa akaja kuchukua sare zake, akainama kwenye kaunta, akanong'ona.

"Binti, nani kakuvujishia mambo ya kuhesabu?"

"Mambo gani, afande?"

"Usinizungushe. Siku ile tulikuwa wachache sana."

Dada Pasi anakumbuka: "Nilisubiri acheke, aseme ananitania. Hakucheka."

Mwenye duka, mama aliyempokea kazini akiwa msichana mdogo, alisikia kila kitu. Sare za kituo cha polisi ndizo zinazoliweka duka mjini. Jana kituo kikatoa sharti: mpiga pasi aombe radhi hadharani kwa kuzusha, au afukuzwe. La sivyo, sare zote zinahamia kwa dobi mwingine.

"Mwanangu, neno moja tu," mama anamsihi. "Sema samahani, tule."

"Samahani ya kusema uongo au ya kusema ukweli, mama? Huku naitwa mzushi, huku anasakwa aliyenivujishia!"

"Huo mdomo wako utatulaza njaa."

"Na walioshindwa kuhesabu, wamelazwa wapi?"

Mama anavuta kiti, anakaa.

Tangu habari za mnong'ono wa afisa zienee, watu wanaleta dukani nguo ambazo tayari ni safi. Wanaziweka kaunta, wanatazama nyuma, kisha wanasema: kaka yangu, mume wangu, alikwama kwenye sabini. Dada Pasi anawasikiliza. Riwaya ya pili, anasema, itaanzia ndani ya lori.

Simu ya duka inalia. Mama anatazama namba.

"Ni kituoni. Niwaambie nini?"

"Waambie naandika kingine. Radhi siombi."