Woga wa Meena

Juzi binti yangu alipiga nduru akicheza gemu, nikamkumbuka Meena, jirani yetu wa mtaa wa Milimani tulipokuwa watoto.

Alasiri moja nilikuwa kwao, na sebule yao ilinukia bizari na ubani. Meena alishika kidude cha kuchezea, akitembea ndani ya nyumba yenye giza kwenye televisheni. Nyayo zikasikika nyuma yake, naye akapiga mayowe. Mimi mtazamaji sikuhisi kitu. Nikamwonea wivu hata woga wake, nikidhani nao ulinunuliwa dukani kama vitu vyao vingine.

"Nipe na mimi niogope," nikasema.

Akanipa. Mbele yangu palikuwa na mlango, na sasa ni mimi wa kuufungua. Vidole vikalowa jasho.

"Si ufungue!" Meena akanihimiza.

Nikashindwa. Nikamrudishia kidude, wivu ukazidi, maana yeye aliufungua.