Zamu ya Mzee Lusubilo

Kwa siku kumi na moja Ruti hakuwa ametoka katika wodi ya watoto, kwa maana binti yake Angel, mgonjwa wa saratani ya damu, hakukubali kuachwa. Mumewe alikuwa Zambia na lori. Basi baba mkwe, mzee Lusubilo, ndiye aliyetoka kijijini Mbebe kuja kupokea zamu. Lakini kwa mila yao mkamwana hatazamani na baba mkwe, na mlango wa wodi ulikuwa mmoja. Ruti alijifunika kitenge, akageukia ukuta.

“Angel, mwambie mama yako akaote jua,” mzee alisema akiwa mlangoni.

“Babu, si anakusikia? Mwambie mwenyewe.”

Akina mama wa vitanda vya jirani wakacheka. Mzee akaingia, akaelekea dirishani na kuwapa wote kisogo, naye Ruti akapita taratibu hadi ukumbini. Hajapiga hatua ya tatu, akamsikia Angel akitapika. Akarudi mbio. Mzee alikuwa amekwisha kushika beseni; Ruti akamshika Angel kichwa. Wakainama pamoja, kila mmoja akimtazama mtoto tu, na hakuna aliyethubutu kuondoka.