Mistari Mbili Juu ya Chemichemi

Wee, usiniambie ati mistari mbili ya mahindi haiwezi kuharibu maji. Ulisema hivyo jana ukicheka, jembe begani, na mimi nikanyamaza kwa sababu mama yako alikuwa hapo. Leo sinyamazi. Nimekushinda miaka sita tu, lakini leo wacha nikuite mwanangu. Kaa chini.

Kuna siku moja huwa inanirudia. Nyanya yangu, kukhu, alikuwa anaishi peke yake huku Navakholo, nyumba iko hapo tu juu ya chemichemi. Akina mama walikuwa wanapitanga kwake na mitungi, asubuhi na jioni. "Kukhu, umeamka?" "Nimeamka, Mama Nekesa. Huyo mtoto amepona?" Hiyo ndiyo ilikuwa redio yake. Na kati ya shamba na maji kulikuwa na nyasi ndefu, marehemu babu alipanda. Hakuna mtu alikuwa anaigusa.

Mimi nikaona hiyo nyasi ni ujinga. Kulima nilijifunza mwenyewe, kwa kuangalia na kubishana, sasa nani angeniambia kitu? Nikang'oa yote. Nikapata mistari mbili zaidi, nikaweka mbolea, nikapiga dawa ya magugu, nikajisifu. Halafu mvua ya mchana ikakuja, ile ya kwetu, unaijua, haipigi hodi. Udongo wote ukateremka na dawa yake. Kesho yake maji ilitoka kwa bomba la chemichemi kama chai ya maziwa, na inanuka.

Akina mama wakaanza kwenda chemichemi ya ng'ambo. Njia ya kwa kukhu ikamea majani.

Mimi, na hii hasira yangu, nikasimama barabarani. "Mama Nekesa, kwani maji ya kukhu iko na ukoma? Mnaringia nini?"

Akaniangalia tu. "Kunywa wewe kwanza, tuone."

Nikamtusi. Mbele ya watoto wake! Nilidhani natetea nyanya yangu.

Kukhu akaniita. Nilimkuta kwa stuli yake na vikombe viwili vya chai, kimoja chake, kingine cha mtu ambaye hakuja. Hakupaza sauti. Alisema, "Umefukuza watu wangu mara mbili. Kwanza na jembe, sasa na mdomo. Hizo mahindi zitanisalimia asubuhi?"

Mimi na kubisha ni chanda na pete, lakini siku hiyo nilitoka nikachukua jembe.

Nilirudisha nyasi. Nilienda kwa Mama Nekesa nikaomba msamaha, akanisamehe, hata akanipa obusuma, ugali ya moto. Lakini miguu ilikuwa imezoea njia ingine. Nyasi nayo haina haraka. Maji ilikuja kusafika polepole, na kukhu aliendelea kumimina vikombe viwili mpaka alipotuacha. Siku ya mazishi wote walikuja, boma likajaa mpaka barabarani. Siku hiyo hakuweza kumsalimia hata mmoja.

Sasa mimi huteka hapo peke yangu. Maji safi kabisa. Kimya tu.

Kwa hivyo sikia, mwanangu. Hiyo nyasi ya kando ya maji wacha isimame. Ukiona mawingu, usipige dawa. Pampu ya dawa usioshee mtoni, hata kama umechoka namna gani, maana kuna mtu chini yako anateka. Na ukikosea, enda useme umekosea, mapema, kabla hasira haijakutangulia. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hata watu ni hivyo.

Mungu akupe maji ya baridi, akupe na miguu mingi ya kukanyaga njia yako, na asubuhi usikose mtu wa kukuuliza kama umeamka.

Lakini jembe bado naliona begani. Sasa niambie: mahindi ya hiyo mistari mbili utakula na nani?